Dirisha la Barabara ya Harry Thuku: Sauti za Kampasi na Sikio la Mhakiki

Barabara ya Harry Thuku jijini Nairobi si ndefu. Mtu huimaliza kwa miguu kwa dakika chache, na katika dakika hizo huipita kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, Hoteli ya Norfolk na jengo la utangazaji, huku Kituo Kikuu cha Polisi kikiwa karibu, upande wa kuelekea katikati ya mji. Mwanafunzi aketiye darasani husikia mengi asiyofundishwa: honi za matatu katika University Way, kiganja cha makanga kikigonga bodi ya gari ili dereva ajue kusimama au kuondoka, na mara kwa mara wimbo wa wanafunzi wanaoandamana. Sauti hizi aghalabu huitwa kelele, na dirisha hufungwa ili mhadhara uendelee. Hata hivyo, kila moja ina umri wake. Mlio wa matatu, kwa mfano, ulipata uhalali mwaka 1973, pale Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi.

La ajabu ni kwamba taaluma iliyo nyuma ya dirisha hilo ndiyo iliyowahi kulipigania sikio. Mnamo Oktoba 24, 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliwasilisha waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake pachukuliwe na idara ambayo ingeiweka Afrika katikati ya masomo yake. Fasihi simulizi ilipewa nafasi ya mbele katika hoja yao. Anyumba mwenyewe alikuwa amekwisha kuandika juu ya nyimbo za nyatiti za Waluo. Okot p'Bitek naye alikuja kufundisha hapo katika miaka ya sabini. Ulikuwa ushindi mkubwa, na asiyeuthamini haijui hali iliyokuwapo kabla yake. Lakini ushindi huo ulizaa pia mazoea. Sauti iliyostahili kusikilizwa ilichukuliwa kuwa iko mbali daima, kijijini, kinywani mwa mzee, na ilihesabiwa kuwa fasihi baada tu ya kunakiliwa na kupangwa katika utanzu wake: hadithi, wimbo, methali, kitendawili. Kinasa-sauti kilipandishwa basi kupelekwa mashambani. Hakikuwekwa dirishani.

Kilichopotea kwa mazoea hayo kinaonekana wazi katika tukio la Machi 16, 1922, lililotokea hatua chache kutoka mahali ilipo kampasi hii leo. Harry Thuku alikuwa amekamatwa siku mbili kabla. Umati wa watu, wengi wao wafanyakazi waliogoma, ulikusanyika nje ya kambi ya polisi kudai aachiliwe. Wajumbe waliporudi na kuwataka watu watawanyike, baadhi ya wanaume walianza kulegea. Masimulizi ya Job Muchuchu, ambayo Rosberg na Nottingham waliyachapisha mwaka 1966, yanaeleza jinsi Mary Muthoni Nyanjiru alivyojitokeza, akaipandisha nguo yake na kuwakejeli wanaume hao. Wanawake waliokuwapo walimuunga mkono kwa ngemi, yaani vigelegele vya Kikikuyu, na umati ukasonga mbele. Risasi zikafuata. Takwimu rasmi zilitaja watu 21 waliouawa. Wengine walihesabu zaidi sana. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa, na walowezi waliokuwa katika baraza ya Norfolk wametajwa katika masimulizi kuwa nao walifyatua bunduki.

Tukio hilo lilizaa wimbo, Kanyegenuri, ambao serikali ya kikoloni iliupiga marufuku. Wimbo ulikuwa na maneno. Kwa hiyo uliweza kukatazwa, kukumbukwa, kunakiliwa na hatimaye kuingia katika vitabu na mihadhara. Ngemi hazikuwa na maneno, na kwa sababu hiyo mhakiki huzitaja kama mapambo ya tukio tu. Hapo ndipo penye kosa. Ngemi zina kanuni. Katika uzazi, tano humtangaza mtoto wa kiume na tatu wa kike, na aliye ng'ambo ya bonde huhesabu akajua habari kabla hajafikiwa na mjumbe. Sauti inayohesabiwa na kufasiriwa na jamii nzima ina muundo, ina hadhira, na ina mahali pake pa kutolewa. Mwaka 1922 ilitolewa mahali pasipo pake, mbele ya bunduki badala ya mlangoni pa mzazi, na nguvu yake ilitokana na kuhamishwa huko. Mhakiki angeliona jambo kama hilo katika shairi, asingesita kuliita mbinu. (Gigi la makanga kwenye bodi ya gari, kwa kadiri ndogo, ni la ukoo huohuo: pigo lenye maana kwa anayelijua, na kelele kwa asiyelijua.)

Ukumbi wa Kitaifa ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule ulipotangazwa Hali ya Hatari, na kwa muda mrefu sauti zilizotoka humo zilikuwa za tamthilia za Kiingereza. Oktoba 1976 mambo yalibadilika kwa siku chache. Mchezo wa Ngũgĩ na Micere Githae Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, ambao Wakenya waliusoma baadaye kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi, uliigizwa hapo chini ya uongozi wa Seth Adagala. Usiku wa kwanza hadhira ilijiunga na waigizaji katika wimbo wa mwisho, ikatoka nao nje ikicheza, barabarani, kuelekea Norfolk. Hatua hiyo haimo katika kitabu. Msomaji wa tamthilia iliyochapishwa hukoma pale pazia linaposhuka.

Februari 1982 ndiyo iliyotoa somo kubwa zaidi. Kundi la Kamĩrĩĩthũ, ambalo mchezo wake Ngaahika Ndeenda ulipigwa marufuku mwaka 1977, lilikuja Nairobi na Maitũ Njugĩra, mchezo uliojengwa kwa nyimbo za lugha kadhaa za Kenya. Ombi la leseni halikujibiwa, na siku ilipofika milango ya Ukumbi wa Kitaifa ilikuwa imefungwa. Waigizaji walivuka wakaendelea na mazoezi katika Ukumbi wa Pili wa Chuo Kikuu. Onyesho lilihitaji leseni, zoezi halikuhitaji. Habari zikaenea, na usiku baada ya usiku watu wakaja kutoka mitaani na kutoka vijijini, maelfu yao, wakajaza viti, ujia na madirisha. Kwa siku hizo wimbo haukupelekwa chuoni ndani ya kanda ya kinasa-sauti. Uliingia kwa miguu yake, pamoja na wenyewe waliouimba. Wakulima na wafanyakazi waliketi mahali wanapoketi wanafunzi, nao wanafunzi wakasikiliza nyimbo ambazo baadhi yao walikuwa wakifanyia mtihani.

Hakuna kipindi ambapo waraka wa 1968 ulikaribia zaidi kutimia, na hakikuchukua hata wiki mbili. Chuo kiliagizwa kuufunga ukumbi. Machi 12, polisi walifika Kamĩrĩĩthũ kwa malori na kulibomoa jukwaa la wazi ambalo wanakijiji walikuwa wamelijenga kwa mikono yao.

Agosti 1 ya mwaka uohuo, sauti iliyotoka Barabara ya Harry Thuku iliifikia nchi nzima. Askari wa Jeshi la Anga walikuwa wameiteka Sauti ya Kenya, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Wanafunzi waliosikia walitoka wakishangilia. Kabla ya siku kwisha, redio ileile ilitangaza kwamba mapinduzi yameshindwa. Wanafunzi waliamriwa kurudi makwao na chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katika muda huo madirisha yanayotazama barabara yalibaki yamefungwa, na nje yake matatu ziliendelea kupiga honi, makanga wakigonga bodi za magari.