Bafa ya printa

Bafa ya printa ni kifaa cha kielektroniki chenye kumbukumbu, kinachounganishwa kati ya kompyuta na printa. Hupokea data haraka kutoka kwa kompyuta, huihifadhi kwa muda, kisha huipeleka kwa printa kadiri inavyoweza kuchapa. Katika miaka ya 1980 bafa ziliuzwa madukani, lakini wapenzi wa elektroniki walijitengenezea pia nyumbani.

Matumizi

Kompyuta ndogo nyingi za wakati huo ziliendesha programu moja tu kwa wakati mmoja. Mtumiaji aliyechapa hati ndefu alilazimika kusubiri hadi ukurasa wa mwisho. Printa ya Epson MX-80, iliyotolewa mwaka 1980, huchapa herufi 80 kwa sekunde; kwa kasi hiyo herufi 60,000 huchukua zaidi ya dakika 12. Bafa yenye nafasi ya kutosha huzipokea zote mapema, na mtumiaji huendelea na kazi nyingine.

Muundo

Bafa ya kujitengenezea inaweza kuundwa kwa prosesa ya Zilog Z80, chipu ya EPROM inayobeba programu, na chipu nane za RAM aina ya 4164. Kila chipu ya 4164 ina biti 65,536, hivyo nane kwa pamoja hutoa KB 64. Kwa kuwa Z80 hufikia anwani 65,536 tu, EPROM ya KB 2 ikichukua sehemu ya anwani hizo hubaki KB 62 za RAM.

Utendaji

Katika kiungo cha Centronics, kompyuta huweka baiti moja kwenye nyaya nane za data na kutuma ishara ya STROBE. Bafa huichukua na kujibu kwa ishara ya ACK. Ikijaa, huwasha ishara ya BUSY ili kompyuta isubiri. Upande wa printa, bafa hufanya kazi ya kompyuta.

Programu hutumia viashiria viwili: kimoja cha kuandika, kingine cha kusoma. Kila kimoja kikifika mwisho wa kumbukumbu hurudi mwanzo. Vikilingana, kumbukumbu inaweza kuwa tupu au imejaa. Kwa hiyo programu huhesabu baiti zilizomo, au huacha nafasi moja wazi daima.

Kasoro

Umeme ukikatika, data iliyosubiri hupotea ilhali kompyuta imeshaiona kazi kuwa imekwisha. Vilevile, kusimamisha uchapaji kwenye kompyuta hakuifuti data iliyomo kwenye bafa, hivyo huhitajika kitufe cha kuifuta.

Bafa za pekee ziliacha kuhitajika baada ya printa kupewa kumbukumbu kubwa zaidi na mifumo ya uendeshaji kuweza kuchapa huku programu nyingine zikiendelea.