Sharti katika Upangaji wa Chapa: Mfano wa Kigikuyu cha Nyeri

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sharti analoliandika mtaalamu wa kompyuta ili kupanga chapa ni jambo kongwe, na kwamba lisipotokana na uchambuzi wa lugha yenyewe hupotosha maandishi. Mfano wetu ni Kigikuyu, lugha ambayo wamisionari wa Consolata waliichapa huko Nyeri katika gazeti la Wathiomo Mukinyu, lililoanzishwa mwaka 1916.

Kigikuyu kina irabu saba, ilhali herufi za Kirumi za irabu ni tano tu. Tahajia iliyozoeleka leo huzionyesha mbili zilizobaki kwa kiwimbi: ĩ na ũ. Alama hiyo si pambo. Nyũmba ĩrĩa ni nyumba ile moja. Nyũmba iria ni nyumba zile nyingi. Kiwimbi kikiachwa, umoja na wingi havitofautiki tena machoni pa msomaji.

Katika enzi ya herufi za risasi, sharti lilikuwa mkononi mwa mpanga chapa. Kama sanduku lake lilikuwa na herufi iliyosubiwa pamoja na alama yake, aliitumia. Kama haikuwamo, ama iliagizwa, ama neno lilichapwe bila alama. Donald Knuth, wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kutunga mfumo wa TeX mwaka 1977, na kitabu chake cha maelezo kikatoka mwaka 1984. Humo sharti huandikwa waziwazi ndani ya makro, yaani amri fupi inayobeba amri nyingine. Hufunguliwa kwa \if, upande wa pili hutangulizwa na \else, kisha hufungwa kwa \fi. Kwa mfano: ikiwa herufi ni i, iondolewe nukta ndipo kiwimbi kiwekwe, sivyo, kiwekwe juu ya herufi kama ilivyo.

Sharti hilo ni jepesi kwa kuwa linahusu umbo tu. Sharti la sauti ni gumu zaidi. Kwa kanuni ya Dahl, iliyopewa jina la mmisionari aliyeichunguza katika Kinyamwezi, k ya kiambishi awali hugeuka g ikiwa konsonanti inayofuata ni t, th, k au c. Ndiyo maana Kĩrĩnyaga, jina la Mlima Kenya, hubaki na k, lakini Gĩkũyũ huanza na g. Mtu angedhani yatosha makro itazame herufi moja tu baada ya kiambishi. Hata th ingenaswa, kwani huanza na t. Lakini tulinganishe kwĩra (kuambia) na gwĩka (kufanya). Katika maneno yote mawili kiambishi hufuatwa na irabu ile ile, na linaloamua ni konsonanti iliyo nyuma ya irabu hiyo. Makro ya herufi moja ingechapa kwĩka, wala mtambo usingelalamika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mwanaisimu: kulieleza sharti zima, pamoja na upande wake wa "sivyo", kabla halijakabidhiwa mtambo. Kosa la mpanga chapa wa zamani liliharibu ukurasa mmoja. Kosa lililomo katika makro hurudiwa katika kila kitabu kitakachopangwa kwayo.