Sauti ya Bibi Isibaki Kwenye Diski Moja

Ukifika Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, utaona ngoma za watemi. Ngoma ikiungua, basi. Ila sauti ya bibi yako uliyoirekodi unaweza kuinakili, tena bure.

Kazi hiyo ilirahisishwa mwaka 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia walipotoa programu ya rsync. Faili likibadilika, programu hii inatuma vipande vilivyobadilika tu, kwa hiyo hata mtandao wa nyumbani ulio taratibu unatosha. Chukua ile kompyuta kuukuu, weka Linux, iunganishe na ruta, ipange inakili kila usiku. Nakala nyingine ipeleke kwa shangazi Geita, maana moto hauchagui kompyuta. Kisha jaribu kuifungua kabla hujaihitaji.