Vijana wenye saikosisi: safari ya Melbourne kutoka wodini hadi mtandaoni

Saikosisi mara nyingi humuanza mtu akiwa kijana, katika ile miaka ya kumaliza shule na kutafuta kazi. Husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au huamini kwamba majirani wanamfuatilia, na hakuna maelezo yanayomtoa katika imani hiyo. Kwa wengi, dawa hutuliza dalili hizo ndani ya miezi michache. Watu ndio huchelewa kurudi. Marafiki wamekwisha kutawanyika, masomo yamekatika, na kijana mwenyewe anaona haya kueleza alikokuwa. Upweke huo ulichukua miaka mingi kabla ya kuhesabiwa kuwa sehemu ya ugonjwa unaostahili kutibiwa.

Sababu mojawapo ilikuwa mafundisho ya zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani Emil Kraepelin alieleza kwamba ugonjwa ambao baadaye uliitwa skizofrenia, mmojawapo wa magonjwa ya saikosisi, huanza ujanani na kuendelea kuiharibu akili. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata, kijana aliyeugua alionekana kama mtu ambaye hatima yake imeshajulikana. Alilazwa wodi moja na watu waliougua kwa miaka mingi, na akiwatazama alijiona mwenyewe baada ya miaka ishirini. Ni vigumu kufikiria njia ya haraka zaidi ya kumkatisha mtu tamaa.

Hali hiyo ndiyo daktari Patrick McGorry na wenzake waliyoikabili katika hospitali ya Royal Park, Melbourne, nchini Australia. Mwaka 1984 ilianza huko wodi ya utafiti iliyowapa nafasi ya kuwachunguza kwa karibu wagonjwa wa mara ya kwanza. Walibaini kwamba dozi walizokuwa wakipewa vijana zilipimwa kwa wagonjwa wa muda mrefu, nazo zilikuwa kubwa mno kwao. Mwaka 1992 ikazaliwa EPPIC, huduma ya vijana peke yao: dozi ndogo, mhudumu mmoja wa kumfuatilia kila kijana, mazungumzo na familia, na vikundi ambamo vijana walikutana kwa muziki, michezo, masomo na maandalizi ya kazi. Katika vikundi hivyo wengi walikutana kwa mara ya kwanza na mtu wa rika lao aliyepitia jambo lilelile. Mfano huo ulienea Uingereza, Denmark, Kanada na kwingineko.

Hata hivyo, huduma za aina hiyo zilikuwa na ukomo, kwa kawaida wa miaka miwili au pungufu, kisha kijana akaambiwa aende kliniki ya kawaida. Utafiti wa OPUS nchini Denmark, uliofuatilia wagonjwa 547, ulionyesha gharama ya ukomo huo. Baada ya miaka miwili, waliopata huduma maalumu walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Ilipofika miaka mitano, sehemu kubwa ya tofauti ya dalili ilikuwa imetoweka. Mkono ulioondolewa mapema ulikuwa umeondoka na faida zake.

Kufikia wakati huo vijana walikuwa wanaishi sehemu kubwa ya siku yao mtandaoni, lakini mitandao ya kawaida haikuwa mahali salama pa kutaja sauti wala hofu. Mario Alvarez-Jimenez, John Gleeson na wenzao wa Melbourne wakatengeneza Horyzons, mtandao wa faragha ambao kijana aliingia kwa mwaliko tu. Majaribio ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalihusu vijana 20 kwa mwezi mmoja, na hakuna aliyedhurika.

Ndani yake kulikuwa na mambo matatu pamoja: ukurasa wa kuandikiana, masomo mafupi ya kujitunza, na usimamizi wa wataalamu wakisaidiwa na wahudumu rika, yaani vijana waliowahi kuugua na kufundishwa kazi hiyo. Sehemu moja inaonyesha vizuri utendaji wake. Kijana aliandika tatizo, tuseme, amwambie nini bosi mpya kuhusu miezi aliyokaa bila kazi. Wenzake walitaja njia zozote zilizowajia, kisha wakapima uzuri na ubaya wa kila moja, na msimamizi akakusanya yaliyosemwa ili mwenye tatizo achague. Aliyezoea kuwa mgonjwa wa kusaidiwa alijikuta akimshauri mwingine, na hapo ndipo thamani kubwa ya mtandao huu ilipokuwa.

Jaribio kubwa lilifuata likiwa na vijana 170 wa EPPIC waliogawanywa makundi mawili na kufuatiliwa kwa miezi 18. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Katika kipimo kikuu, yaani uwezo wa kuishi na watu, kundi la Horyzons halikulizidi lile la huduma ya kawaida. Yote mawili yalihifadhi hali waliyoanza nayo. Watafiti waliokuwa na matumaini makubwa walilazimika kulikubali hilo. Lakini waliotumia Horyzons walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata kazi au kurudi masomoni, na waliokimbilia huduma za dharura walikuwa asilimia 19, dhidi ya asilimia 39 upande wa pili. Zaidi ya nusu walikuwa bado wakiingia mtandaoni humo baada ya miezi sita, muda mrefu kwa programu ya afya.

Kabla matokeo hayo hayajatoka, UVIKO-19 ulifunga milango ya kliniki. Mwaka 2020 serikali ya jimbo la Victoria iligharamia kusambazwa kwa MOST, mfumo uliokua kutokana na Horyzons, katika huduma za vijana za jimbo zima, ukiwahudumia pia wenye sonona na wasiwasi. Watafiti wa Kanada na wa North Carolina, Marekani, nao waliijaribu Horyzons kwa vijana wao. Kote huko programu yenyewe ilisafirishwa kwa urahisi. Wasimamizi na wahudumu rika ilibidi waandaliwe upya kila mahali, na mishahara yao ndiyo gharama isiyokwisha.