Kuchoma, au Kuziba?

Jirani yangu hapa Mjimwema, mama anayeshinda amesimama sokoni, alinionyesha mguu wake. Chini ya goti mishipa ilikuwa imetuna na kupindapinda kama mizizi ya mwembe. "Mwanangu, naambiwa siku hizi mshipa wanauchoma," akasema. "Wanauchoma moto au wanauchoma sindano?"

Swali lilikuwa halali. Lugha ndiyo iliyomtatiza. Twachoma mahindi, twachoma mkaa, twachoma sindano, na mwiba nao huchoma. Mshipa nao umebeba mengi: ateri ni mshipa, vena ni mshipa, neva ni mshipa wa fahamu, na fulani akisemwa kwa kunong'ona kwamba "ana mshipa", twaelewa ana ngiri.

Ugonjwa wa mama ni wa vena. Vena za mguu hupandisha damu kwenda moyoni, na vali zilizomo huizuia isirudi. Vali zikilegea, damu hutuama na vena hutanuka. Inayotibiwa sana ni vena safena kubwa, kutoka kifundoni hadi kinenani.

Daktari huingiza mrija mwembamba ndani ya vena akiongozwa na ultrasaundi. Kwa leza, nuru hupita kwenye unyuzi, ikafyonzwa na damu na ukuta wa vena, ikawa joto. Kwa mawimbi ya redio, ncha ya sentimita 7 hupata moto hadi nyuzi 120 za Selsiasi kwa sekunde 20, kisha huvutwa hadi kipande kinachofuata. Wapo pia wanaopuliza mvuke. Kabla ya yote, vena huzungushiwa maji yenye dawa ya ganzi ili nyama za jirani zisiungue.

Leza na mawimbi ya redio hukaribiana kwa matokeo, ila leza za mwanzo zilileta maumivu na damu kuvilia zaidi. Mwaka 2013 taasisi ya NICE ya Uingereza iliweka tiba za joto mbele, zikifuatwa na sindano ya povu la dawa, kisha upasuaji. Basi sindano aliyoitaja mama ni tiba nyingine kabisa, na kitenzi kimoja kilikuwa kimezifunika zote mbili. Tusiite mawimbi ya redio "mionzi" pia: neno hilo humkumbusha mgonjwa tiba ya saratani, na hapa mionzi hiyo haipo.

Ndani ya mguu hakuna kinachogeuka majivu. Ukuta wa vena husinyaa, hushikamana, njia hujifunga. Kwa hiyo mimi nasema *kuziba vena kwa joto*, kisha nataja joto limetoka wapi: leza, mawimbi ya redio au mvuke.

Nilirudi kwa mama. "Hawauchomi, mama. Wanauziba kwa joto, na sindano katika tiba hiyo ni ya ganzi."

Akatafakari. "Wakiuziba, damu itapita wapi?"

Nikamjibu kwamba vena za ndani zaidi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya damu ya mguu, na daktari huzipima kwanza. Alipodhani wanauchoma, aliuliza habari za moto na sindano. Aliposikia wanauziba, aliuliza habari za damu yake.