Mbegu za Septemba

Sisi tuliozaliwa Kanyosha vita vikielekea mwisho tunakijua kiangazi kama likizo. Mvua hukatika mwezi Juni, shule hufungwa, vumbi huingia hadi kwenye sufuria, na watoto hupelekwa mlimani kwa bibi. Ni mwendo wa miguu. Unaiacha mitaa, unapanda vilima, na ukigeuka unaliona Ziwa Tanganyika chini, milima ya Kongo ikiwa imefifia ng'ambo.

Kwa bibi kazi ni bustani. Juu udongo umekauka, kwa hiyo kilimo hushuka bondeni penye unyevu: maharage, lengalenga, viazi vitamu. Asubuhi tunamwagilia kwa vidumu, mchana tunachambua maharage yaliyovunwa, watu wazima wakipiga soga. Mbegu huchagua bibi mwenyewe, na ole wake mjukuu atakayezigusa. Zinangoja Septemba, mvua za kwanza.

Ukali huo niliuelewa niliposoma historia ya miaka ya 1990. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, vilidumu zaidi ya miaka kumi, na vilima vinavyouzunguka mji wetu viligeuka uwanja wa mapigano kati ya jeshi na wapiganaji wa FNL. Septemba 1999 serikali ya Pierre Buyoya iliwahamisha kwa nguvu watu zaidi ya 300,000 wa Bujumbura Vijijini, wengi wao Wahutu, ikawakusanya kambini. Ilisema inawalinda, ilitaka pia kuwanyima waasi chakula na maficho.

Vitabu hueleza idadi ya watu, magonjwa ya kambini, na jinsi Nelson Mandela, msuluhishi wa mazungumzo ya Arusha, alivyoshinikiza hadi kambi zikavunjwa mwaka 2000. Sawa. Lakini tuutazame mwezi wenyewe. Septemba ndio mwezi wa jembe. Mkulima aliyetolewa kwake wakati huo alipoteza nyumba na msimu pamoja, na asiyevuna hana mbegu ya msimu unaofuata. Kwenda shambani kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilikuwa mikononi mwa askari. Ndiyo maana sikubali kwamba mkasa huu uliisha mwaka 2000, kama tunavyoandika kwenye mitihani. Kambi huvunjwa kwa amri. Ghala tupu halijazwi kwa amri.

Bibi hasimulii kambi. Ukimuuliza, hutaja chungu cha mbegu za maharage alichokiacha nyuma ya mlango, na ambacho hakukikuta aliporudi. Tangu zamani chakula kilishuka kutoka mlimani kuja mjini. Mwaka ule baba alipanda njia hii hii tunayoipita likizoni akiwa na kilo mbili za maharage alizonunua sokoni. Bibi hakupika hata punje moja. Alizipanda zote, na tunayochambua leo ni uzao wake.