Toka Volta hadi chaja ya leo: kila batri na kipimo chake

Mashariki mwa Kongo, kuchaji batri ni kazi ya kila siku. Katika mitaa isiyo na umeme na katika kambi za waliokimbia vita, paneli moja ya jua na batri moja vinatosha kuwasha taa, kusikiliza redio na kuchaji simu za majirani. Batri zenyewe ni za kila namna: za gari, za pikipiki, seli zilizotolewa ndani ya laptop zilizokufa. Kuna pia chaja ya aina zote, yenye skrini ndogo na vibonyezo, iliyotengenezewa watu wanaorusha ndege ndogo za mchezo. Chaja hiyo haijui imefungwa kwenye batri gani. Mwenye kuichaji ndiye anayeiambia. Akiiambia uongo bila kujua, nyumba inaweza kuungua.

Mambo hayo yalianza mbali. Mwaka 1800, Mwitalia Alessandro Volta alitengeneza batri ya kwanza. Ilipokwisha nguvu, hakukuwa na njia ya kuirudishia. Mwaka 1859, Mfaransa Gaston Planté alitumbukiza mabati ya madini ya risasi ndani ya asidi, akapata batri inayochajika tena na tena. Ndiyo babu ya batri ya gari ya leo. Mwaka 1899, Waldemar Jungner wa Uswidi alileta ile ya nikeli na kadimiamu, iliyotumika miaka mingi katika redio na tochi.

Batri ya Planté ni mvumilivu. Ikipita kiasi inachemka, maji yake yanapungua na inatoa hewa ya hidrojeni, ambayo inalipuka ikikutana na cheche. Ndiyo sababu huchajiwa mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara. Lakini kosa la saa moja mara nyingi halileti hasara kubwa, na watu wakazoea hivyo.

Lithiamu haikuja na uvumilivu huo. Katika miaka ya 1970, Stanley Whittingham alitengeneza batri ya lithiamu nchini Marekani, lakini iliwaka moto katika maabara. Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake huko Oxford walitumia kobalti, madini ambayo leo yanatoka kwa wingi katika ardhi ya Kolwezi. Mwaka 1985, Mjapani Akira Yoshino aliondoa lithiamu tupu ndani ya batri, hatari ikapungua. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuiuza. Wataalamu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Hatari ilipungua, haikwisha: batri ya lithiamu ikijazwa kupita mpaka wake, inapata joto, inavimba na inaweza kuwaka.

Kwa hiyo chaja ya aina zote inataka kujua mambo matatu.

La kwanza ni aina. Seli ya lithiamu ya laptop kwa kawaida inaishia volti 4.2. Seli ya lithiamu yenye fosfati ya chuma, inayopatikana katika batri nyingi mpya za sola, inaishia karibu volti 3.6. Seli ya batri ya gari inaishia karibu volti 2.4.

La pili ni hesabu ya seli. Batri ya gari ya volti 12 ina seli sita, kwa hiyo inapanda hadi volti 14.4. Seli tatu za laptop zilizofungwa kwa mfululizo nazo huitwa za volti 12, lakini mwisho wake ni 12.6. Akiwekewa mtu chaja ya gari juu ya seli hizo, kila seli inasukumwa kuelekea volti 4.8. Jina ni moja, hatari ni nyingine kabisa. Seli za namna hiyo zinahitaji pia waya mdogo wa kusawazisha, ili moja isijae kabla ya wenzake.

La tatu ni nguvu ya mkondo. Batri iliyoandikwa 2000 mAh haipewi zaidi ya ampea 2, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Ampea 1 ni salama zaidi, ingawa kazi inachukua muda mrefu.

Batri iliyovimba, iliyotoboka au isiyojulikana aina yake haichajiwi, hata kama bado inawasha taa. Ile nzima nayo haiwekwi juu ya godoro, nguo wala karibu na shitingi. Huwekwa juu ya jiwe, simenti au udongo mtupu, mbali na watoto, na mtu mzima akiwa macho karibu nayo. Mahali ambapo mahema yamebanana, moto wa batri moja haukai katika familia moja. Ikipata joto hadi mkono unashindwa kuishika, waya wa umeme unang'olewa mara moja na watu wanasogea mbali.

Hata katika maabara batri ziliwaka moto kabla mipaka hiyo haijajulikana. Leo mara nyingi mipaka imeandikwa juu ya batri yenyewe, na kuisoma kabla ya kubonyeza kunachukua dakika moja.